Safu ya Nyuma

Kiwanda kilitaka nguo zake zirudi zimefuliwa. Ujumbe uliletwa na bawabu, akausema akiwa nje ya kizingiti, macho yake kwenye viatu vyake mwenyewe. Ovaroli moja ya bluu, mali ya kiwanda cha maboksi, irudishwe kabla ya Ijumaa. Ilikuwa siku ya tisa tangu mashine ya kukata, ile namba nne, ichukue vidole vitatu vya mkono wa kulia wa mtu aliyekuwa ameivaa.

"Irudi imefuliwa," mke wa mtu huyo alirudia polepole. "Wamesema hivyo hivyo?"

"Shemeji, mimi nimetumwa tu."

"Najua umetumwa. Nauliza kama umetumwa na sabuni."

Bawabu hakuwa na sabuni. Alikuwa na aibu tu, na aibu haitoi povu. Akaaga, akaondoka upesi kuliko alivyokuja.

Mwanamke akatoa beseni, akakaa uani na kuanza kufua. Mtaa mzima ulimwita Mama Viboksi, na sababu yake tutaifikia. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili yakatoka rangi ya kutu. Mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mchele, na kila beseni lilipomwagwa aliinua kichwa kutazama.

"Usisugue sana," alisema yule bibi. "Liache doa. Waone walichokifanya."

"Hapana, mama. Itarudi safi. Wasije wakasema tumewaharibia na nguo pia."

Aliianika, akaipiga pasi, akautia mkono wa kulia mkunjo ulionyooka kama rula. Mkataji mwenyewe, mumewe, alikuwa amelala chali kwenye kochi na mkono uliofungwa umekaa juu ya kifua. Aliiona ovaroli ikipita mbele yake imekunjwa vizuri, akageukia ukutani. Siku hiyo ndipo Mama Viboksi alipoanza kumchukia Meneja wa kiwanda kwa utaratibu, kila asubuhi, kama mtu anayeripoti kazini.

Ripoti ya kiwanda ilikuwa ukurasa mmoja. Ilisema Mkataji alifika kazini akiwa amelewa. Kwamba kwa haraka zake aliing'oa mwenyewe kinga ya mashine, ule wavu mwekundu wa chuma unaozuia mkono usifike kwenye kisu, akaitupa kwenye chuma chakavu. Na kwamba chuma chakavu kilizolewa jioni hiyo hiyo. Kwa hiyo ameachishwa kazi. Chini kulikuwa na sahihi mbili. Ya kwanza ya Meneja. Ya pili ya Mpakagundi, aliyesimama mashine ya jirani kwa miaka kumi na miwili, na ambaye kwenye harusi ya Mkataji ndiye aliyeshika pete.

Alewe nani? Mkataji alikuwa mtu ambaye dawa ya kikohozi ilimlaza mchana. Lakini neno likishaandikwa lina miguu. Alikwenda kwenye ghala la mbao kuomba kazi ya kuhesabu, kazi ambayo gumba na kidole cha shahada vinaitosha, na karani akamwambia kwa upole kwamba wangemchukua, ila wamesikia habari za pombe. Akaenda kwingine. Huko hawakuwa wapole.

Basi Mama Viboksi akaenda kwa Mkaguzi wa usalama kazini, mwanamke wa makamo aliyezungukwa na majalada hadi kiti cha mgeni kikawa kimekaliwa na majalada. Mgeni alisimama.

"Mama, mimi nina karatasi yenye sahihi mbili," Mkaguzi alisema. "Wewe una nini?"

"Nina mume wangu. Ameniambia kinga iliondolewa zamani. Wakiifunga mashine inakwenda taratibu, na Meneja hataki taratibu."

"Mume wako ndiye anayeshtakiwa. Hawezi kuwa shahidi wake mwenyewe." Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa amelisema mara nyingi mno. "Niletee mtu mmoja aliyeona. Au kitu kimoja. Ile kinga yenyewe, kwa mfano. Vinginevyo mwisho wa mwezi ujao nafunga jalada."

Akazunguka nyumba za wafanyakazi, milango kumi na mmoja. Kila mlango ulimkaribisha, na kila mlango ulimnyima neno. Wote walijua. Walijua hata mwezi ambao kinga ilifunguliwa. "Nina watoto, Mama Viboksi," walimwambia, kama vile yeye hakuwa na mtoto. Kwa Mpakagundi mke alitoka akasema mume hayupo, huku kikohozi cha mume kikisikika chumbani. Mama Viboksi akamwachia salamu na pole ya kikohozi.

Meneja alimwita mwenyewe, wiki mbili baadaye. Hakumkaribisha ndani ya ofisi. Alizungumza naye kwenye korido, mlango wa ofisi ukiwa wazi kiasi cha upana wa bega lake, akizungusha funguo kidoleni. Vidole vyote vilikuwepo, Mama Viboksi alivihesabu.

"Mama, maisha lazima yaendelee," alisema. "Kiwanda kinatimiza miaka ishirini na mitano. Tunafanya Siku ya Familia. Nikafikiri, watoto watengeneze vile viboksi vyako, tuvipange ukumbini. Tuviite 'Kazini kwa Baba na Mama'. Wageni watapenda."

"Sawa, bosi."

"Nitakupa maboksi yenye kasoro, bure. Na mgeni rasmi atakuwa Mkaguzi wa usalama kazini. Aone kwamba sisi hapa ni familia." Akatabasamu. "Na wewe pia nimekufikiria. Mtu akiwa na kitu cha kumshughulisha, moyo unapoa."

"Asante sana, bosi. Umenifikiria kweli."

Watu waliosikia kwamba amekubali walimshangaa, wengine wakamsema. Mwanamke gani huyo, mumewe amekatwa vidole, yeye anapokea maboksi? Alibeba maboksi sitini kichwani, akapita nayo katikati ya mtaa saa sita mchana ili wote waone.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa wafanyakazi unaotazamana na lango la kiwanda, Mama Viboksi alikusanya watoto wa mtaa na kuwafundisha kujenga mahali ndani ya kiboksi kisichozidi urefu wa kiganja. Unakata picha za karatasi, unazisimamisha kwa safu, moja nyuma ya nyingine, ukiacha nafasi ya kidole kati ya safu na safu. Juu unakata dirisha na kulifunika kwa karatasi nyembamba ili mwanga uingie. Mbele unatoboa tundu moja. Mtu akifumba jicho moja na kuchungulia kwa lingine, anaona chumba kizima chenye kina, na anasahau kwamba ameshika boksi la sabuni.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, unaanza na safu ya nyuma, ukutani kabisa, kisha unakuja mbele. Kwa sababu ukishabandika ya mbele, mkono haufiki tena nyuma. Ya pili ilikuwa kali zaidi: usibandike usichokiona. Sheria hii aliiweka baada ya kuchoshwa na watoto waliojenga kila mara nyumba ile ile yenye jua linalocheka. "Wewe kwenu jua linacheka?" aliwauliza. "Lina meno mangapi?" Watoto walicheka, na wakajifunza kutazama. Walikuwa wakikuambia sufuria ya kwao ina kovu upande gani.

Hesabu yake kwa ajili ya Siku ya Familia ilikuwa rahisi. Watoto ishirini na wawili, wengi baba zao wako kwenye mashine. Watawauliza baba zao kazini kukoje, na kila kiboksi kitaonyesha mashine isiyo na kinga. Watu wazima kumi na mmoja wamefumba midomo. Sawa, watoto hawana sahihi ya kuogopa.

Lakini wazazi hawakulala usingizi. Jumamosi ya kwanza watoto walikuja wamejenga malori. Ya pili, lango lenye maua. Kantini, choo, baiskeli za wafanyakazi zilizopangwa mstari. Hakuna mashine hata moja.

"Na baba yako anafanya kazi kwenye baiskeli?" alimuuliza mtoto wa Mpakagundi.

"Baba amesema mashine ni ngumu kukata," mtoto alijibu, na masikio yakamwiva.

Mama Viboksi akaenda dirishani akatazama nje. Zilikuwa zimebaki siku tisa Mkaguzi afunge jalada. Kama angekuwa peke yake angevikanyaga viboksi vyote, kimoja baada ya kingine.

Alipogeuka alimkuta Kidoti amenyoosha mkono. Kidoti alikuwa na miaka minane, na alama nyeusi chini ya jicho iliyompa jina, na alikuwa kitindamimba wa Meneja. Mama yake hakupenda aje ukumbini na watoto wa mashine, lakini Kidoti alipenda mkasi kuliko alivyomwogopa mama yake. Alikaa siku zote pembeni ya binti wa Mama Viboksi, wakigawana mkasi mmoja na siri zote. Katika wote ishirini na wawili hakuna aliyekuwa na mkono kama wake. Angeweza kukata miguu ya kiti.

"Mwalimu, yangu iko tayari kubandikwa. Nataka utazame kwanza, isije ikawa nimepinda."

Alikuwa amejenga ofisi ya baba yake. Safu ya mbele, baba mwenyewe na simu sikioni. Katikati, meza na kalenda. Na safu ya nyuma, ambayo bado ilikuwa imelala mezani bila gundi, ilikuwa ukuta, na nyuma ya mlango kulikuwa na fremu nyekundu iliyopigiwa nyuzi nyeusi zilizopishana. Juu yake lilining'inia koti la kijivu. Kwenye pembe ya fremu, kwa rangi nyeupe, ilikuwa imeandikwa namba nne.

Mama Viboksi alijiona akishika ukingo wa meza.

"Hiki ni nini, mwanangu?"

"Kitundikio cha baba. Ni cha chuma, kina waya hivi na hivi. Juu koti, chini begi langu nikitoka shule, ila leo sikulikata begi."

"Na hii namba?"

"Ipo. Mimi sijui ni ya nini. Ila ipo."

"Umekiona kwa macho yako?"

Mtoto akamtazama kwa mshangao wa mtu anayeulizwa kama anakijua kitanda chake. "Si umesema tusibandike tusichokiona?"

Ilikuwa bado karatasi tu. Neno moja la mwalimu, hata la kusingizia kwamba nyekundu imezidi, na mtoto angeikunja, akaitupa, akakata ukuta mtupu. Mama Viboksi alilijua hilo. Alijua pia mtoto ni wa nani, na atalala nyumba gani usiku wa Siku ya Familia.

"Baba ameiona?"

"Bado. Nataka nimshangaze."

Mama Viboksi akaufungua mkebe wa gundi, akamsogezea. "Bandika," alisema. "Halafu umalizie na begi lako."

"Usimtumie yule mtoto," Mkataji alisema.

Walikuwa mezani, mchana, binti yao yuko shule. Mkataji alikuwa akijifunza kula kwa mkono wa kushoto, na mama yake alikuwa akijifunza kutomtazama.

"Simtumii. Amejenga mwenyewe."

"Na wewe ukampa gundi."

"Baba yake alinipa maboksi."

Mama mkwe akaweka kijiko chini. "Dawa ya moto ni moto," alisema. "Mwacheni aungue na yeye ajue joto lilivyo."

"Mama, anayeungua si yeye. Ni katoto ka miaka minane kanakokuja hapa kucheza na mjukuu wako." Mkataji aliinua mkono wake wenye bandeji, akautazama kama kitu alichokiazima. "Huyo mtoto hakunikata mimi. Na hivi vidole havitarudi hata ukimchoma Meneja na nyumba yake yote."

"Sitaki vidole," mkewe alisema. Sauti yake haikupanda. "Nataka wakufute ulevi. Wamekuita mlevi, mume wangu, kwa maandishi. Ghala la mbao wamekukataa. Mtoto wako anaitwa binti wa mlevi na watoto wa watu ambao wewe umewachangia mazishi. Wakanifulisha damu yako kwa sabuni yangu. Unataka niwe mpole? Mimi upole nimemaliza."

Mkataji aliisogeza sahani yake kando. Kisha akasema fanya utakalo, ila mimi sitakuja.

Alikuja. Siku ya Familia alisimama karibu na mlango wa ukumbi na mkono mfukoni, amevaa shati lake la harusini, na watu waliomjua walipita mbali naye kidogo kama mtu mwenye mafua.

Viboksi ishirini na viwili vilipangwa juu ya meza ndefu. Watoto wenyewe walivipanga kwa umri, na Kidoti alikiweka chake karibu na mwisho, upande wenye kivuli. Wakatoka nje kupewa soda. Mama Viboksi alibaki nyuma akifuta meza. Alipoona ukumbi mtupu alikichukua kiboksi cha Kidoti, akakileta mwanzo kabisa wa meza, penye mwanga wa dirisha, akakisimamisha juu ya maboksi mawili ili kiwe usawa wa jicho la mtu mzima. Akavisogeza vingine kuziba pengo. Kisha akaikunja kanga yake kiunoni akasubiri.

Meneja alihutubia. Alilitaja neno familia mara nyingi, mara nyingine akiitazama kamera. Alikuwa amevaa koti la kijivu. Baada ya makofi akamwongoza Mkaguzi mezani.

"Anza na hiki," Mama Viboksi alisema kwa heshima zote. "Ni cha mtoto wa bosi mwenyewe."

"Aa, kumbe," Meneja alisema, na kwa sekunde ile alifurahi kweli. Kidoti alikuwa tayari amesimama pembeni yake, anainuka kwa vidole vya miguu.

Mkaguzi akainama, akafumba jicho. Akatabasamu. Kisha tabasamu likabaki midomoni peke yake, na yeye akabaki ameinama.

"Umejenga vizuri," alimwambia Kidoti bila kutoa jicho tunduni. "Huyu ni baba. Na hapa nyuma ya mlango, hiki chekundu?"

"Kitundikio chetu."

"Kina namba."

"Ndiyo. Nne. Chini ni begi langu, nimelikata na kamba zake."

Meneja alicheka. "Watoto hawa, mawazo yao hayana mpaka."

"Siyo mawazo," Kidoti alisema, akiwa amekwazika kidogo. "Kwa mwalimu haturuhusiwi mawazo. Kipo. Natundika begi pale tangu niko darasa la pili."

Mkaguzi akanyooka. "Na sasa uko la ngapi?"

"La tatu."

Ajali ilitokea Kidoti akiwa darasa la tatu. Kila mtu mzima aliyekuwa karibu na meza alifanya hesabu hiyo kimyakimya, na mazungumzo yakaanza kufa kutoka mezani hadi mlangoni.

"Meneja," Mkaguzi alisema, "ofisi yako si hapo ng'ambo tu? Tukaione."

"Leo ni sherehe, mheshimiwa. Na funguo sidhani kama..."

"Zipo mfukoni mwa koti, bosi," bawabu alisema kutoka nyuma. "Zinalia."

Walikwenda watatu, bawabu akiwemo, wakarudi baada ya dakika chache. Bawabu alitangulia, ameibeba kinga nyekundu kwa mikono miwili, kifua mbele, na alipita nayo katikati ya ukumbi taratibu kuliko ilivyohitajika. Kwenye ndoano ya chini begi la shule lilikuwa bado linaning'inia. Mkaguzi akailaza kinga mezani, akapitisha kidole juu ya ile namba, akaitoa ripoti kwenye mkoba na kuisoma kwa sauti hadi mahali palipoandikwa chuma chakavu.

Hapo ndipo Mpakagundi alipojitokeza. Alikuwa anatoka jasho. "Iliondolewa mwaka juzi," alisema. "Mimi ndiye niliyefungua bolti. Niliambiwa nifungue. Na huyu mtu hanywi. Nilitia sahihi, lakini hanywi." Alisema akimwelekea Mkataji, na Mkataji akautoa mkono mfukoni, wazi, akauacha uning'inie kando ya mwili wake.

Ilikuwa tamu. Tusidanganyane, kuna watu wanasema kisasi kina ladha ya majivu. Hao huenda hawajawahi kufua ovaroli. Mama Viboksi alimtazama Meneja akivua koti kwa joto na kutafuta pa kuliweka, asipaone, akalishika mkononi, na moyo wake ulijaa hadi ukamuuma. Alitamani ovaroli ingekuwepo aikunjue pale mezani.

Meneja alitoka kwa mlango wa pembeni. Ilimbidi apite mbele ya binti yake.

"Baba," Kidoti alisema. "Hujachungulia bado."

Alipita. Hakumgusa, hakumtazama. Mtoto alikaa amekinyanyua kiboksi kwa mikono miwili hadi mlango ulipofungwa. Kisha akamgeukia mwalimu wake.

"Nimekosea wapi?"

"Hukukosea popote," Mama Viboksi alisema. "Umepanga vizuri kabisa."

Ripoti iliandikwa upya, na neno ulevi halikuwemo. Meneja alipewa likizo ambayo haikuisha. Mashine zote sita zikafungwa kinga mpya, nazo zikaenda taratibu. Ghala la mbao lilimwita Mkataji, na karani yule yule akampa kalamu na kusema siku zote alijua. Mpakagundi alikuja jioni moja na kilo mbili za sukari. Mama mkwe aliipokea sukari, akashukuru, akafunga mlango bila kumkaribisha chai. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema akiimimina kwenye kopo, "lakini sukari haina kosa."

Ilipaswa kuwa mwisho. Kilichobaki kilikuwa kiti kimoja ukumbini. Jumamosi tatu kilikaa kitupu, na binti wa Mama Viboksi aliuweka mkasi katikati ya meza, nusu yake, nusu ya mwenzake, kisha akakata kidogo tu.

"Kidoti anasema baba yake hasemi naye," alimwambia mama yake njiani. "Anasema wakila, anageuza kiti."

"Atasema naye. Hasira ya mzazi haikai."

"Ya kwako ilikaa."

Mama Viboksi akamwambia atembee vizuri.

Jumamosi ya nne Kidoti alikuja. Hakusalimia kwa kelele kama zamani. Alichagua kiboksi, akakaa mahali pake, akavuta mkasi. Asubuhi nzima alifanya kazi kichwa chini, na Mama Viboksi alipita nyuma yake mara mbili bila kusimama. Alikuwa na maneno aliyoyaandaa, ya kumsifu. Alijiambia kwamba mtoto amesahau; watoto husahau.

"Mwalimu, nataka kubandika."

Mama Viboksi akainama. Safu za mbele hazikuwepo bado. Kulikuwa na ya nyuma tu, imelala mezani. Ilikuwa ukumbi huu huu, dirisha na meza ndefu, na juu ya meza safu ya viboksi vidogo kuliko punje za mahindi. Watu hawakuwemo, isipokuwa mmoja. Mwanamke aliyefunga kanga kiunoni, amebeba kiboksi kimoja, na mwisho wa meza, upande wa kivuli, palikuwa na pengo.

"Huyu ni nani?" aliuliza, ingawa kanga ilikuwa imekatwa na maua yake yote.

"Ni wewe. Unakihamisha changu." Kidoti aliinua uso. Hakuwa analia, wala hakuwa na hasira. "Nilirudi kuchukua kofia yangu. Nilikuwa dirishani."

Ukumbi ulikuwa na kelele za mikasi. Upande wa pili wa meza binti yake mwenyewe alikuwa ameacha kukata, anamtazama. Mama Viboksi aliishika karatasi ile kwa ncha za vidole. Ilikuwa bado haina gundi. Angeweza kusema kanga imezidi ukubwa. Angeweza kusema punje ya mahindi siyo kipimo cha kiboksi, rudia, anza na ukuta mtupu.

"Uliniona kwa macho yako?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akairudisha karatasi mezani, mbele ya mtoto, akainyoosha pembe iliyojikunja. Halafu akaufungua mkebe wa gundi na kumsogezea.

"Bandika," alisema.